Mizani za Vidoleni

Nilijifunza mizani kwa vidole kabla sijajua maana ya neno lenyewe. Mwalimu wetu alitusimamisha tukahesabu silabi za maneno kwa sauti: m-tu, mbili, ndi-zi, mbili. Mimi nilimhesabu mtu kuwa mmoja, nikachekwa hadi kengele ikalia. Kumbe ile "m" husimama kwa miguu yake, na "n" ya ndizi hubebwa mgongoni.

Mambo haya hayakuzaliwa darasani. Malenga wa pwani walipima kwa sikio muda mrefu, na shairi lilikuwa la kughaniwa kabla ya kuandikwa. Lakini mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa Dar es Salaam, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Hapo sisi wa bara tukapata cha kushika mkononi: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16: nusu ya kwanza, ukwapi, 8, na nusu ya pili, utao, 8. Jumla 64, na vina kati na mwisho. Nililipenda neno utao kuliko hesabu yake.

Mwaka 1974 ikatoka Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, iliyojaa mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ukazuka ugomvi! Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, walisema hayo si mashairi hata kidogo. Mimi, mfuasi wao, niliazima nakala nikaisoma usiku, vidole vikihesabu vyenyewe na kukosa pa kutua.