Kupokea Usukani: Historia Fupi ya Hisia za Dereva katika Magari Yanayojiendesha

Suala la dereva kurudishiwa usukani ghafla na gari linalojiendesha huchukuliwa kuwa jipya, ilhali lilianza kuchunguzwa mbali na barabara, kabla ya magari hayo kuwapo. Mwaka 1908 Yerkes na Dodson, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa panya mishtuko ya umeme wakabaini kwamba, katika kazi ngumu, mshtuko wa wastani uliwafunza upesi kuliko ule hafifu au mkali. Baadaye matokeo hayo yalitumika kuyatia nguvu mazoea ya kuzipima hisia kwa mstari mmoja, kutoka kusinzia hadi kiwewe. Mackworth, nchini Uingereza, alichunguza mwanzo wa mstari huo. Majaribio yake ya mwaka 1948, yaliyotokana na kazi ya walinzi wa rada za kivita, yalionyesha kuwa umakini wa mtazamaji hushuka ndani ya nusu saa. Mwaka 1983 Bainbridge akaongeza hoja ambayo haijapata jibu: mtambo hufanya yaliyo mepesi na kumwachia binadamu yaliyo magumu, tena wakati ustadi wake umepungua kwa kutotumika.

Tarehe 1 Juni 2009 hoja hiyo ilijidhihirisha juu ya Bahari ya Atlantiki. Ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipoteza vipimo vya kasi baada ya vifaa vyake kuziba kwa barafu, na mtambo wa kujiendesha ukajizima. Marubani walikabidhiwa ndege iliyokuwa bado inaweza kuruka. Dakika nne na ushei baadaye ilipiga maji, na watu wote 228 wakafa. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilihusisha mwendo mkali wa mkono wa rubani na mshtuko wa kihisia uliofuata kuzimika kwa mtambo.

Neno “mshtuko” pekee halitoshi kueleza hali hiyo. Kiswahili kinatenga hali ambazo mstari ule mmoja unazichanganya. Aliyetaharuki hutenda mengi kwa pupa. Aliyepigwa na bumbuwazi hatendi lolote. Aliyehamaki hutenda upesi, lakini macho yake yako kwa adui. Wote watatu wangeweza kuonyesha mapigo ya moyo yaleyale. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 nchini Marekani, lenye washiriki 32 waliotazama vipande vya filamu kabla ya kutakiwa kushika usukani katika gari la kuigiza, linaelekea upande huohuo. Msisimko mkubwa haukumharakisha dereva, bali wenye hisia za furaha walilishika gari kwa ulaini zaidi. Kilicholeta tofauti ni aina ya hisia, si ukali wake. Jaribio moja ni dogo mno kujengea sheria, ila linatosha kuutilia shaka mstari ule.

Sheria bado zinahesabu sekunde. Kanuni ya 157 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika Januari 2021, inalitaka gari limsubiri dereva angalau sekunde 10 baada ya kumwita, kabla halijaanza kujisimamisha lenyewe. Inakagua kama ameketi, amefunga mkanda na yu macho. Dereva aliyeduwaa hutimiza masharti yote matatu.

Gharama ya pengo hilo humwangukia aliyeketi kitini. Gari la majaribio lilipomuua mwenda kwa miguu huko Tempe, Arizona, Machi 2018, wachunguzi walikuta kwamba msimamizi wake alikuwa akitazama simu, matokeo ambayo Mackworth asingeyashangaa. Mashtaka ya jinai yalifunguliwa dhidi ya msimamizi huyo, wala si kampuni.

Kwa Afrika Mashariki na Kati, jambo hili limekwisha kubisha hodi kupitia Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama wake. Tangu Julai 2022 mkataba huo unakubali mtambo uhesabiwe kuwa umetimiza sharti la gari kuwa na dereva, mradi sheria za ndani za nchi zimeruhusu. Watakaoziandika sheria hizo kwa Kiswahili watalazimika kuamua kama dereva “aliye tayari” ni yule aliye macho tu, au ni yule ambaye pia hajataharuki wala kupigwa na bumbuwazi.