Ufuatiliaji wa fedha za elimu Johannesburg

Ufuatiliaji wa fedha za elimu Johannesburg ni mfumo wa sheria, taarifa, ukaguzi na mikutano unaotumiwa na serikali ya Afrika Kusini kuhakikisha kwamba fedha zinazotoka katika mfuko wa taifa zinafika katika shule za umma za jiji hilo na kutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Kazi hiyo haiko mikononi mwa ofisi moja. Serikali kuu hugawa fedha, serikali ya jimbo la Gauteng hupanga bajeti na kulipa mishahara ya walimu, ofisi za wilaya za elimu hupokea na kupitia hesabu za shule, na bodi ya shule, ambayo wengi wa wajumbe wake ni wazazi, husimamia mfuko wa shule yenyewe.

Katiba ya 1996 haiiti Afrika Kusini nchi ya shirikisho, lakini inaweka ngazi tatu za serikali na kufanya elimu ya shule kuwa jukumu la pamoja la serikali kuu na majimbo tisa. Jiji la Johannesburg halimiliki shule za umma. Shule hizo ziko chini ya Idara ya Elimu ya Gauteng, yenye makao yake makuu katikati ya jiji, kupitia wilaya tano za elimu: Johannesburg Mashariki, Kaskazini, Kusini, Magharibi na Kati. Wilaya hizi ni ofisi za utawala tu. Hazitozi kodi wala hazina baraza la kuchaguliwa. Hapo zinatofautiana na wilaya za shule za Marekani, ambazo nyingi huendeshwa na bodi zilizochaguliwa na wananchi na hukaguliwa matumizi ya fedha za shirikisho chini ya sheria ya ukaguzi wa pamoja ya mwaka 1984.

Usuli

Chini ya ubaguzi wa rangi, fedha za elimu ziligawanywa kwa rangi ya mtoto. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 iliondoa shule za Waafrika mikononi mwa wamisionari na majimbo na kuziweka chini ya serikali kuu. Kuanzia 1955 mchango wa mfuko mkuu kwa elimu hiyo uliwekewa kikomo cha pauni milioni 6.5 kwa mwaka, na nyongeza ikatakiwa itoke katika kodi za Waafrika wenyewe. Katika mwaka wa fedha 1975/76 serikali ilitumia takriban randi 644 kwa mtoto mmoja wa Kizungu na randi 42 kwa mtoto wa Kiafrika. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, na risasi za polisi zikaua watoto.

Baada ya uchaguzi wa 1994 idara za elimu zilizotenganishwa kwa rangi ziliunganishwa. Sheria ya Shule ya 1996 iliiagiza serikali kugharimia shule za umma kwa usawa ili kurekebisha dhuluma za zamani, na kanuni za kitaifa za ugharimiaji zikatolewa mwaka 1998. Mwaka 2007 shule zilizo katika maeneo maskini zaidi zilianza kutangazwa kuwa hazitozi ada.

Asili ya fedha

Majimbo hukusanya yenyewe sehemu ndogo tu ya mapato yao. Sehemu kubwa hutoka serikali kuu kwa njia mbili, zote zikiidhinishwa kila mwaka na Bunge kupitia Sheria ya Mgawanyo wa Mapato.

Njia ya kwanza ni mgao wa haki. Kanuni yake ya hesabu imeipa elimu uzito wa asilimia 48, kwa kuangalia idadi ya watoto wa rika la shule na ya walioandikishwa. Hata hivyo asilimia hiyo hutumika kukokotoa tu. Fedha zikishafika, serikali ya Gauteng ndiyo huamua ngapi ziende shule, ngapi hospitali. Sehemu kubwa ya bajeti ya elimu huishia katika mishahara, inayolipwa kwa mfumo mmoja wa kompyuta wa watumishi wa umma.

Njia ya pili ni ruzuku zenye masharti, kama za ujenzi na ukarabati wa majengo, chakula cha shule, elimu ya stadi za maisha na UKIMWI, hisabati na sayansi, na wanafunzi wenye ulemavu mkubwa wa akili. Hizi haziruhusiwi kuhamishiwa kazi nyingine. Zisipotumika hadi mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 31 Machi, bakaa hurudishwa katika mfuko wa taifa, isipokuwa Hazina ya Taifa ikubali zivuke mwaka.

Ruzuku ya uendeshaji wa shule, inayonunua vitabu, chaki, umeme na matengenezo madogo, hutolewa kwa mwanafunzi kulingana na madaraja matano ya umaskini, la kwanza likiwa maskini zaidi. Mwaka 2023 kiwango cha kitaifa kwa shule zisizotoza ada kilizidi kidogo randi 1,600 kwa mwanafunzi, huku daraja la tano likipata chini ya randi 300. Katika Johannesburg upangaji huo una utata wa pekee. Daraja hutegemea hali ya mtaa ilipo shule, ilhali wanafunzi wengi hupanda teksi alfajiri kutoka Soweto au Alexandra kwenda shule za vitongoji vya kaskazini. Shule inaweza kuhesabiwa ya matajiri kwa sababu ya majirani zake, na nusu ya wazazi wake wasiweze kulipa ada.

Ufuatiliaji wa serikali kuu na jimbo

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 1999 inamfanya mkuu wa idara kuwa afisa masuuli. Kila mwezi hupeleka taarifa ya mapato na matumizi kwa Hazina ya jimbo ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Kwa ruzuku zenye masharti, huongeza taarifa ya kila robo mwaka inayoonyesha kazi iliyofanyika, kwa mfano madarasa yaliyokamilika au wanafunzi waliolishwa. Idara ya Elimu ya Msingi ya taifa ikiona masharti yamevunjwa inaweza kuchelewesha fedha, na Hazina ya Taifa inaweza kuzisimamisha. Hatua kali zaidi ni serikali kuu kuchukua usimamizi wa idara ya jimbo chini ya kifungu cha 100 cha Katiba, kama ilivyofanyika Limpopo Desemba 2011. Mwaka uliofuata vitabu vya kiada vilichelewa huko kwa miezi, na shirika la SECTION27 la Johannesburg likaishtaki serikali na kushinda.

Ukaguzi wa nje hufanywa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye kikatiba haingiliwi na serikali. Hati anayoitoa kwa Idara ya Elimu ya Gauteng hujadiliwa katika bunge la jimbo, ambalo hukutana jijini Johannesburg. Hadi mwaka 2019 mapendekezo yake hayakuwa na meno. Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili mwaka huo yalimpa uwezo wa kupeleka hasara kubwa kwa vyombo vya uchunguzi, kuagiza hatua za kurekebisha, na hatimaye kumtoza afisa masuuli deni yeye binafsi. Tsakani Maluleke, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, aliuanza Desemba 2020.

Ufuatiliaji shuleni

Shule ya umma ina mfuko wake na, kwa kawaida, akaunti moja ya benki. Shule zilizopewa majukumu chini ya kifungu cha 21 cha Sheria ya Shule hupokea ruzuku katika akaunti na kununua mahitaji zenyewe. Zisizopewa hubaki na bajeti ya kwenye karatasi, na idara huzinunulia.

Mwaka wa fedha wa shule huanza Januari na kwisha Desemba. Bodi huandaa bajeti na kuwaita wazazi wote mkutanoni kwa taarifa ya siku 30. Bajeti yenyewe lazima iwe shuleni kwa ajili ya kusomwa angalau siku 14 kabla ya mkutano, na hupitishwa kwa kura za wengi waliohudhuria. Hesabu za mwaka zinatakiwa kuwa tayari ndani ya miezi mitatu, na nakala iliyokaguliwa kumfikia mkuu wa idara ndani ya miezi sita. Mkaguzi huteuliwa na bodi yenyewe. Pale ambapo mkaguzi aliyesajiliwa hapatikani kwa urahisi, sheria inaruhusu mtu mwenye sifa pungufu anayekubalika na idara.

Maofisa wa fedha wa wilaya hupokea hesabu hizo na kuuliza maswali ya kawaida ya kazi yao: je, salio la daftari linalingana na taarifa ya benki? Kila malipo yana ankara na muhtasari wa kikao kilichoyaidhinisha? Je, idadi ya wanafunzi iliyolipiwa ni ile iliyohesabiwa siku ya kumi ya masomo, au kuna wanafunzi hewa? Bodi ikishindwa kazi, mkuu wa idara anaweza kuinyang'anya majukumu na kuteua watu wa kuyashika kwa muda. Mwalimu mkuu ana wajibu wa kuisaidia bodi na kuripoti ubadhirifu, na bodi hairuhusiwi kumlipa mtumishi wa serikali posho ya ziada bila kibali. Sheria ya marekebisho iliyosainiwa Septemba 2024 imeongeza uwezo wa mkuu wa idara kuchunguza hesabu za shule na imewataka wajumbe wa bodi kutangaza maslahi yao katika ajira na manunuzi.

Matukio makubwa

Chakula cha shule, kilichoanzishwa mwaka 1994 na serikali ya Nelson Mandela, ndiyo ruzuku iliyofika mahakamani kwa kishindo. Masharti yake yanataka mlo uwe umetolewa ifikapo saa nne asubuhi kila siku ya masomo. Shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19 mwezi Machi 2020, mlo ulisimama, na zilipofunguliwa kwa awamu watoto waliobaki nyumbani hawakulishwa. Shirika la Equal Education na bodi za shule mbili za Limpopo walimshtaki waziri na majimbo manane, Gauteng ikiwemo. Tarehe 17 Julai 2020 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba wanafunzi wote wanaostahili walishwe, wawe shuleni au nyumbani, na kuzitaka idara kuripoti mahakamani kila baada ya siku 15. Kwa muda, jaji akawa mfuatiliaji wa bajeti.

Mwaka huohuo kati ya Juni na Agosti, Idara ya Elimu ya Gauteng ilitumia takriban randi milioni 431 kusafisha na kunyunyizia dawa shule na ofisi zake. Habari zilipotoka Januari 2021, Kitengo Maalumu cha Uchunguzi kilichunguza jinsi makampuni yalivyopata kazi hiyo, na Mahakama Maalumu ikazuia zaidi ya randi milioni 40 zilizokuwa mikononi mwa baadhi yake. Taarifa ya mwezi huonyesha kiasi kilicholipwa. Haionyeshi kama bei ilikuwa ya haki, wala kama mzabuni alistahili.

Asasi za kiraia pia hufanya ukaguzi wao. Corruption Watch, iliyoanzishwa Johannesburg mwaka 2012, imepokea malalamiko mengi kuhusu fedha za shule, na mwaka 2013 iliendesha kampeni juu ya jambo hilo. Mwaka 2014 wanachama wa Equal Education walizunguka zaidi ya shule 200 za Gauteng wakihesabu vyoo vinavyofanya kazi na mabomba yenye maji.

Kasoro

Udhaifu mkuu uko mahali fedha zinapobadilisha mikono. Katika vitabu vya idara, ruzuku ikishaingia akaunti ya shule huhesabiwa kuwa imetumika. Mkaguzi Mkuu hukagua idara, hakagui kila moja ya shule zaidi ya 2,000 za umma za jimbo, na kwa hiyo idara inaweza kupata hati safi huku fedha za shule fulani zikipotea. Mwaka wa fedha wa idara na wa shule haulingani, jambo linaloongeza ugumu wa kulinganisha hesabu. Tena, sheria inamtegemea mzazi, lakini shule zenye wahasibu na mawakili miongoni mwa wazazi husimamia hesabu zao kwa urahisi zaidi kuliko zile za vitongoji vya mabati, ambako mjumbe wa bodi huenda hajawahi kusoma taarifa ya benki. Shule zinazotegemea ruzuku zaidi ndizo zenye ulinzi hafifu zaidi.

Ulinganisho na Afrika Mashariki

Uganda ndiyo mfano unaotajwa zaidi duniani. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya wanafunzi ilifika shule za msingi. Nyingine iliishia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya na kuzitaka shule kubandika kiasi zilichopokea, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Nchini Kenya, ubadhirifu wa fedha za elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza 2003, ulisababisha Uingereza kusitisha mchango wake kupitia serikali mwaka 2009. Tanzania ilipofuta ada na michango kuanzia Januari 2016, ilipeleka ruzuku moja kwa moja katika akaunti za shule. Kiwango kilichowekwa cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 kati ya hizo zikibaki serikalini kwa ununuzi wa vitabu.

Kupeleka fedha moja kwa moja shuleni hufupisha safari yake, lakini huhamishia pia shuleni kazi ya kuzilinda. Afrika Kusini imeliweka jambo hilo wazi katika sheria: chini ya kifungu cha 43 cha Sheria ya Shule, mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kuiomba bodi ya shule ya umma impe hesabu zake azikague, na bodi inalazimika kumwonyesha.