Arginusae: ushindi uliowaponza majemadari

Mwaka 406 kabla ya Kristo, Athens iliishinda Sparta baharini karibu na visiwa vya Arginusae. Miongoni mwa wapiga makasia wake walikuwamo watumwa, waliopewa uhuru kwa utumishi huo. Lakini meli 25 zilipotea, na dhoruba ikazuia manusura kuopolewa majini.

Mjini, hasira ilizidi furaha. Mkutano mkuu wa raia uliwahukumu kifo majemadari wanane kwa kura moja, bila kila mmoja kusikilizwa peke yake. Socrates, aliyekuwa zamu katika kamati iliyoongoza kikao, alikataa kuipitisha hoja hiyo, akisema ni kinyume cha sheria. Hakusikilizwa. Sita waliorejea nyumbani wakauawa, akiwamo Pericles, mwana wa kiongozi mashuhuri wa jina hilo.

Baadaye raia walijuta, wakaagiza walioichochea kura hiyo washtakiwe.