Kikombe cha karatasi hakikuletwa na kahawa

Wengi wa rika langu hapa Nairobi wanadhani kikombe cha karatasi ni mtoto wa kahawa ya kisasa. Sio kweli. Kilizaliwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na kilichokizaa ni hofu ya magonjwa.

Miaka ya mwanzo ya 1900 huko Marekani, shuleni na kwenye treni, watu walichota maji kwa kikombe kimoja cha bati. Unakunywa, unarudisha, anayefuata anachukua hicho hicho. Mwaka wa 1908, Alvin Davison, mwalimu wa biolojia katika Chuo cha Lafayette, alichapisha makala kuhusu vijidudu alivyoviona kwenye vikombe vya shule. Mwaka wa 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe cha pamoja, hasa kwa sababu ya kifua kikuu. Miaka hiyo hiyo, Lawrence Luellen wa Boston akaja na kikombe cha karatasi: kunywa mara moja, tupa. Kiliitwa Health Kup, na mwaka wa 1919 kikawa Dixie.

Siwacheki hao watu. Walikuwa wanazika watoto. Lakini tatizo lao lilikuwa kikombe kisichooshwa, na kuna watu walikuwa na jibu lingine kabisa.

Nenda Mombasa au Lamu jioni. Muuza kahawa tungu ana dele lake juu ya makaa na vikombe vidogo vya kauri visivyo na mkono. Unakunywa hapo hapo, unapiga gumzo, unarudisha kikombe, kinaoshwa, anapewa mwingine. Ni kikombe cha pamoja pia, ila kinaoshwa. Na tusidanganyane: maji ya ndoo yasipobadilishwa, tumerudi Kansas. Huo mtindo unahitaji maji safi, sio ndoto tu.

Sasa angalia cha karatasi. Karatasi peke yake ingelowa, kwa hivyo vya leo vingi vina utando mwembamba wa plastiki ndani. Huo utando ndio unafanya viwe vigumu kurejelezwa. Mwaka wa 2018 wabunge wa Uingereza walisema nchi yao inatupa vikombe bilioni 2.5 kwa mwaka, na vinavyorejelezwa havifiki asilimia 1. Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, faini hadi milioni 4, halafu tunabeba plastiki ndani ya karatasi tukijiona watu wa mazingira.

Lakini pia kauri sio malaika. Inachomwa kwa moto mkali. Mwaka wa 1994 Martin Hocking, mwanakemia wa Kanada, alipiga hesabu ya nishati akapata kwamba kikombe cha kauri lazima kitumike kama mara 39 ndipo kishinde cha karatasi. Kikombe cha muuza kahawa kinafika hapo ndani ya siku chache. Ile kopo yako ya chuma ya bei ghali iliyolala kabatini haitafika kamwe.

Kwa hivyo swali sio kikombe kimetengenezwa na nini. Swali ni: kinarudi?

Na kurudisha tunajua. Sisi ndio tuliolelewa kwa chupa ya soda ya dukani: huna chupa, acha pesa, ukiirudisha unapewa pesa yako. Mji wa Freiburg, Ujerumani, ulianza hivyo hivyo na vikombe vya kahawa mwaka wa 2016, amana ya yuro 1. Mkahawa wa Nairobi unashindwa na nini? Na aliyekaa mezani nusu saa, mbona anapewa kikombe cha kutupa? Siku ukiketi, itisha cha kauri. Wakisema hawana, waulize kwa nini.