Mchezo mfupi ukizungukwa, neno ndilo hubeba mzigo

Vijana wa hapa Elburgon waliniuliza majuzi: bila ukumbi wenye pazia, mchezo utachezwa wapi? Msomaji wangu, jibu limo katika historia. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walizunguka Uganda na Kenya wakiigiza michezo mifupi bila kiingilio, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikaanzisha kundi lake la safari.

Uwanjani watu huketi kwa duara. Mwigizaji humpa mtu mgongo kila wakati, kwa hivyo uso pekee hautoshi. Sharti neno lisikike na lieleweke. Maelekezo kama “anaingia kutoka kulia” hayana maana, kwani kulia kwako ni kushoto kwa aliye mkabala nawe. Mwandishi hulazimika kufupisha kauli na kuzinoa.

Mwaka 1968 David Cook wa Makerere na Miles Lee walichapisha michezo mifupi 10 ya Afrika Mashariki, kwa Kiingereza. Hiyo ingali inasomeka. Basi, vijana, chezeni duarani, lakini mkimaliza andikeni. Mchezo wa Kiswahili usioandikwa huondoka na watazamaji wake.