Kuwasha gari

Kiswahili hakikuhangaika kulitafutia gari kitenzi: tulikuwa tukiwasha taa, tukawasha na gari. Na kweli ndani mna moto, kama ni injini ya petroli, plagi zikitoa cheche. Fundi yeye husema "piga stata", akiitaja mota ya umeme inayozungusha injini mpaka ishike. Kabla ya Cadillac kuifunga mota hiyo kwenye magari yake ya 1912, dereva alizungusha hendeli, nayo ikirudi kwa nguvu iliweza kumvunja mkono.

Leo huko Kanada, msimu wa baridi kali, mtu huwasha gari akiwa bado jikoni. Rimoti hutuma mawimbi ya redio yenye msimbo. Kompyuta ya gari huutambua, huhakikisha boneti imefungwa na gia iko kwenye P, ndipo stata inapopelekewa umeme. Injini huunguruma dakika 10 au 15, kisha hujizima asipotokea mtu.

Nani basi kapiga stata hapo? Mimi nasema "kuwasha kwa rimoti". "Uwashaji wa mbali" tuwaachie wenye makaratasi. Gari la umeme, lisilo na plagi wala stata, nalo tunaliwasha, na sijasikia aliyelalamika.