Kinyonga wa Yemeni (utagaji wa jike anayefugwa)

Kinyonga wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus) ni mtambaazi wa mitini ambaye asili yake ni Yemeni na kusini-magharibi mwa Saudia. Wanasayansi walimpa jina hilo mwaka 1851. Leo ni miongoni mwa vinyonga wanaofugwa zaidi majumbani Ulaya na Marekani, na wengine waliotoroka au kuachiliwa wamezaliana porini huko Florida. Dume na jike wote wana nundu ndefu ya mfupa kichwani, lakini dume huanguliwa akiwa na kipi kidogo nyuma ya kila mguu wa nyuma, na jike hana. Mfugaji aikague miguu hiyo siku ileile anapomleta kinyonga nyumbani, kwa sababu jike atataga hata kama hajawahi kukutana na dume.

Jambo hilo huwashtua wengi. Jike hupevuka akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, na kuanzia hapo mwili wake hutunga mayai kwa vipindi. Mayai yasiyorutubishwa hayatatoa kitoto, lakini uzito wake tumboni ni uleule, na chokaa huchotwa mwilini kutengeneza maganda yake vilevile. Kwa hiyo anayefuga jike mmoja peke yake hana budi kujiandaa sawa na anayezalisha.

Maandalizi hutegemea spishi. Kinyonga wa Jackson mwenye pembe tatu (Trioceros jacksonii), wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, huzaa watoto hai na hahitaji mahali pa kuchimba. Chamaeleo dilepis, anayeonekana sana mashambani Afrika Mashariki, hushuka mtini na kufukia mayai ardhini kama mwenzake wa Yemeni. Wengi wao huuawa wakiwa chini hivyo, kwa kuogopwa tu, ingawa hawana sumu wala hawamdhuru mtu. Kumkamata kinyonga porini ili afugwe, bila kibali, ni kosa la kisheria Kenya na Tanzania.

Jike wa Yemeni aliyepandwa hubadilika rangi. Kijani chake hukolea hadi kukaribia weusi, na juu yake hutokea madoa ya manjano na ya samawati. Akimwona dume hupanua kinywa, hufoka na kuyumbayumba kumfukuza. Utagaji hufuata baada ya wiki tatu hadi nne hivi. Kwa jike ambaye hajapandwa rangi si kipimo cha kutegemea. Mwendo wake husema zaidi. Aliyekuwa akishinda juu ya matawi huanza kushuka, huzunguka sakafuni mwa kizimba, hukwaruza pembezoni, na mara nyingi huacha kula siku chache kabla ya kutaga.

Wakati huo mahali pa kutagia pawe tayari pameshawekwa. Kwa kweli beseni la mchanga liingizwe kizimbani jike akiwa na miezi minne, likae humo daima. Kina cha mchanga kisipungue sentimita 30, na upana umruhusu kujigeuza akiwa ndani ya shimo. Chombo kisichopitisha mwanga ndicho kinachofaa. Mchanga uliooshwa unatosha, au uchanganywe na udongo usio na mbolea, kisha ulowanishwe kiasi kwamba ukiufinyanga mkononi unashikana bila kuchuruzika maji. Kipimo bora ni kuchoma shimo kwa kidole: likiporomoka, handaki lake nalo litaporomoka, naye atalitelekeza. Tawi moja lielekee mpaka kwenye beseni ili ashuke bila kuanguka.

Faragha ina uzito uleule wa mchanga, na hapa ndipo wafugaji wenye mapenzi mengi wanapokosea. Macho ya kinyonga huzunguka kila moja kivyake na huona karibu pande zote. Anayemchungulia kutoka nyuma ameshaonekana. Jike akijua anatazamwa anapochimba huweza kuacha shimo na kuyazuia mayai, na akisumbuliwa mara kwa mara uhai wake huwa hatarini. Kizimba kifunikwe kwa shuka, na mfugaji achungulie kupitia tundu dogo tu. Kazi inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Taa zizimwe kwa saa zilezile za kila siku hata kama jike amelala ndani ya handaki, naye asitolewe. Akimaliza hufukia shimo mwenyewe na kulisindilia kwa miguu. Aachwe mpaka apande matawini kwa hiari yake.

Idadi ya mayai kwa mkupuo mmoja huwa kati ya 20 na 70, na mara nyingine huzidi 80. Wingi huo si wa kujivunia. Hutokana zaidi na ulishaji wa kupindukia na joto kali, na humchosha jike na kumfupishia maisha. Akishamaliza kukua apewe wadudu wachache kila baada ya siku moja au mbili, na mahali pa kuotea joto pasizidi sana nyuzi 27 za Selsiasi. Nyenje na panzi walishwe majani mabichi kwanza, kisha wanyunyiziwe unga wa kalsiamu. Taa ya urujuanimno ni ya lazima, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D3 na kuitumia kalsiamu hiyo.

Mayai yakikwama, dalili ni macho kuzama au kufumbwa mchana, kushindwa kushika matawi, kulala sakafuni bila nguvu, au kukamua bila kutoa kitu. Hiyo ni dharura. Tumbo lisiminywe kamwe. Daktari wa wanyama hupiga eksirei, humpa maji na kalsiamu, na pale ambapo njia haijaziba huweza kumchoma sindano ya oksitosini; kwingine ni upasuaji.

Anayetoka kutaga huwa amekonda, amepakaa matope na ana kiu kubwa. Anyunyiziwe maji kwa muda mrefu, kisha alishwe vizuri kwa siku kadhaa. Mayai ya jike aliyepandwa huhamishwa bila kugeuzwa, yakazikwa nusu katika vermikulaiti yenye unyevu kwenye nyuzi 25 hadi 28, na huanguliwa baada ya miezi sita hadi tisa. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, hivyo anaweza kutaga tena mayai yenye uhai miezi michache baadaye bila kupandwa upya. Mchanga ubadilishwe na beseni lirudishwe kizimbani.